Eti Ajali Haina Kinga? Waulizeni Waliolala Igoma

Juni 19 tulivuka, na tuseme ukweli, tulivuka kwa furaha. Rais alizindua Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 za zege juu ya maji, zaidi ya shilingi bilioni 700. Safari iliyokuwa inatula saa mbili na zaidi foleni ya kivuko ikiwa mbaya, sasa ni dakika tano. Mama mjamzito aliyepewa rufaa kutoka Sengerema kwenda Bugando hatalala tena ndani ya gari pale Busisi akisubiri kivuko kigeuze. Anayechukia daraja hilo ana lake jambo. Sisi hatulichukii. Ni kodi yetu ile, si hisani ya mtu.

Ila siku tano baadaye, Juni 24, ilipita siku nyingine na huku kwetu hakuna aliyeitaja. Si redio, si mkutano wa hadhara, si vikundi vya WhatsApp vya kata. Ilikuwa miaka 23 tangu treni ya abiria ilipoua watu 281 pale Igandu, mkoani Dodoma. Na mwezi mmoja kabla yake, Mei 21, ilitimia miaka 29 tangu MV Bukoba izame. Hiyo nayo wengi waliikumbuka kwa picha moja ya zamani na maneno matatu: "Mungu awalaze pema."

Amina. Lakini tahariri hii inauliza swali ambalo haliombewi: baada ya kuwalaza pema, tulijifunza nini? Swali hili ni la sasa, siyo la historia. Reli mpya ya kisasa, SGR, inakuja Mwanza. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, mkataba wake ulisainiwa Januari 2021 na kampuni mbili za China, na Juni 14, 2021 Rais akaweka jiwe la msingi pale Misungwi. Mtu wa Sengerema akishavuka daraja, reli iko hapo hapo mbele yake. Tutaipanda. Watoto wetu wataipanda. Pamba yetu, samaki wetu na dagaa wetu watapanda. Kwa hiyo mwenye haki ya kuuliza maswali ya usalama wa reli siyo mtu wa Dar es Salaam na Dodoma peke yake.

Meli ya reli

Vijana wengi mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa mwaka 1996, kwa hiyo tuanze na jambo ambalo wengi hawalijui. MV Bukoba ilikuwa meli ya reli. Haikuwa ya mfanyabiashara wala ya chama cha ushirika. Ilikuwa mali ya Shirika la Reli Tanzania, TRC, ambalo wakati ule ndilo lililoendesha meli za ziwani kupitia kitengo chake cha majini. Ukikata tiketi ya meli ulikuwa umemkatia reli.

Meli ile ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 430. Iliondoka Bukoba, ikapita Kemondo ikachukua wengine, ikaja Mwanza usiku. Asubuhi ya Mei 21, ikiwa imeshaikaribia Mwanza, ikapinduka. Idadi ya waliokufa inayotajwa inapita 800. Kwa nini tunasema "inayotajwa" na siyo idadi kamili? Hapa ndipo penye uchungu, naomba msome taratibu. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha.

Yaani mwenye hela aliandikwa jina. Mkulima wa ndizi, mama muuza senene, mwanafunzi anayerudi shule, hao walilipa nauli wakaingia kama magunia. Serikali ilipokuja kuhesabu maiti haikujua inatafuta wangapi. Mpaka leo zipo familia Kagera na Mwanza ambazo ndugu yao "alipanda meli" na basi, habari imeishia hapo. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa walizikwa pamoja Igoma. Ukipanda daladala kwenda Kisesa unapita karibu na makaburi yale.

Meli ilipopinduka haikuzama mara moja. Tumbo lake lilibaki juu, na ndani kulikuwa na watu hai wanagonga chuma. Waokoaji wakatoboa tundu ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka kwenye tundu lile, meli ikaenda chini na watu wake. Hatuandiki hili kuwalaumu watu waliokuwa wanajaribu kusaidia kwa mikono na roho zao. Tunaandika kwa sababu mwokoaji aliyefundishwa angejua kwamba tundu lile ni kifo, na nchi yenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika haikuwa naye.

Tume iliundwa chini ya Jaji Kisanga. Baadaye meli zikatolewa TRC zikakabidhiwa kampuni mpya, MSCL. Kubadilisha jina la mwenye meli ni rahisi kuliko kubadilisha tabia ya kupakia.

Mlima wa Igandu

Miaka sita baadaye, shirika lile lile, safari hii nchi kavu. Juni 24, 2002 treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilikuwa inapanda mlima kati ya Msagali na Igandu. Ikapata hitilafu, breki zikashindwa kuishika. Treni ikaanza kurudi nyuma. Hebu jiweke humo ndani: umekaa na mtoto mapajani, unaona miti inarudi upande usiotakiwa, kwanza polepole, halafu kwa kasi ambayo hata treni yenyewe ikienda mbele haiifikii. Huko nyuma kulikuwa na treni ya mizigo. Watu 281.

Tangu hapo kumekuwa na ajali nyingine. Juni 22, 2022 treni iliyokuwa inatoka Kigoma kwenda Dar es Salaam ilianguka Malolo, karibu na Tabora; watu 4 walikufa, zaidi ya 100 walijeruhiwa. Zikasikika habari za hujuma kwenye reli. Inawezekana. Lakini kama ni hujuma, aliyehujumu ni nani, alihukumiwa nini, na ulinzi umebadilishwaje? Na kama siyo hujuma, basi ni nini? Sisi wa Sengerema hatujawahi kuona taarifa ya uchunguzi wa ajali ya treni ikibandikwa ofisi ya kata au kusomwa kwenye mkutano wa kijiji. Ripoti ya ajali kwa nchi hii ni kama urithi wa mganga: ipo, ila anaijua mwenyewe.

Uongo wa "ajali haina kinga"

Kuna msemo tumelishwa tangu utotoni: ajali haina kinga. Kiongozi akifika msibani anausema. Mchungaji anausema, shehe anausema, na mwisho hata mfiwa anausema kwa sababu amechoka.

Tukatae. Radi labda haina kinga. Breki ina kinga, inaitwa ukaguzi. Meli kuzidisha abiria ina kinga, inaitwa mtu mmoja mlangoni mwenye orodha na mamlaka ya kusema "imejaa, shukeni", na bosi wake asimfukuze kazi kwa kusema hivyo. Treni kurudi nyuma ina kinga, ina fundi, ina vipuri, ina dereva ambaye hajalazimishwa kuendesha saa nyingi bila kulala. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji muujiza. Vyote vinahitaji hela na heshima kwa roho ya mtu.

Na hela iliendaje? Mwaka 2007 serikali iliikodisha reli ya kati kwa kampuni ya RITES kutoka India, ikapewa asilimia 51 ya hisa. Tuliambiwa mwekezaji analeta ufanisi. Haikufika hata miaka mitano ndoa ikavunjika, serikali ikazirudisha hisa, reli ikabaki hoi kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2017 ikatungwa Sheria ya Reli, RAHCO na TRL zikaunganishwa, TRC ikazaliwa upya. Jina lile lile la kwenye tiketi za MV Bukoba. Hatuna shida na jina. Tunauliza kama nalo limezaliwa na kumbukumbu.

Watatujibu: SGR ni kitu kingine

Tunajua jibu litakalokuja. Watasema: nyie vijana wa upinzani mnaishi zamani, SGR ni ya umeme, ina uzio, ina madaraja ya kupita juu na chini, ina mfumo wa kisasa wa ishara unaoizuia treni yenyewe dereva akikosea.

Sawa. Tunakubali kila neno hapo, na tunaongeza: safari za Dar hadi Dodoma zilipoanza Julai 2024 wananchi waliipenda treni ile, na sisi tuliipanda. Chini ya saa nne, huna vumbi, huna dereva wa basi anayeshindana na mwenzake. Na tiketi yake inaandikwa jina na namba ya kitambulisho. Abiria wote wameandikwa. Hilo peke yake ni ushindi juu ya mwaka 1996.

Lakini kitu kipya hakijilindi chenyewe. Hata MV Bukoba iliwahi kuwa mpya. Mwishoni mwa Julai 2024, kabla hata uzinduzi rasmi haujafanyika, treni ya SGR ilikwama na abiria njiani kwa hitilafu ya umeme. Maelezo ya shirika yakataja ngedere na bundi kwenye miundombinu ya umeme. Nchi nzima ilicheka siku mbili, na sisi tulicheka. Ila tukishamaliza kucheka tuwaze: njia inapita porini, na nyani na ndege wa porini hawakuhamia mwaka huo. Walikuwepo wakati wa kuchora ramani. Tathmini ya athari kwa mazingira ndiyo kazi yake hiyo, kujua nani anaishi pale kabla hujapitisha nyaya. Mnyama akisimamisha treni, kosa si la mnyama. Kuna karatasi haikusomwa.

Na jambo jingine: SGR haijafuta reli ya zamani. Ile ya mkoloni, iliyofika Mwanza mwaka 1928, bado inabeba mizigo na bado inabeba watu, tena watu wa hali ya chini kuliko wote. Kwa hiyo tunatengeneza nchi yenye treni mbili. Moja ina jina lako, kiyoyozi na kompyuta inayokagua breki. Nyingine ina mataruma ya zamani na choo kinachomwaga moja kwa moja relini. Daraja la kwanza na daraja la tatu, tena. Usalama usiwe huduma ya mwenye nauli kubwa.

Mazingira siyo maua ya bustani

Baadhi ya makamanda wetu wakisikia "mazingira" wanadhani tunaongelea kupanda miti siku ya sherehe. Hapana. Mazingira ya reli ni uhai wa watu wanaokaa kando yake.

Tuangalie Kilosa. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 mafuriko yaliisomba reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, treni za abiria zikasimama kwa miezi. Chanzo siyo mvua peke yake. Milima ya juu imekatwa miti, udongo unashuka, mto Mkondoa unajaa mchanga, maji yanakosa njia yanaichukua reli. Hela za kurudisha kipande kile kimoja, mwaka baada ya mwaka, ni hela za breki na vipuri zilizoenda na maji. Ukitenganisha mazingira na usalama utalipa vyote viwili.

Sasa tuje huku kwetu. Ujenzi wa reli unataka kokoto na kifusi kingi sana. Kinachimbwa wapi? Mashimo yakibaki wazi masika yakaingia, yanageuka mabwawa. Kila mtu wa Misungwi, Kwimba na hata Sengerema anajua shimo la kifusi linavyofanya: ng'ombe wanakunywa, watoto wanaoga, mbu wanazaliana, na siku moja kelele inasikika. Mkandarasi anakuwa ameshahama. Kufukia shimo au kuliwekea uzio siyo huruma ya mkandarasi, ni sehemu ya bei ya kazi. Tunataka kujua imo kwenye mkataba au haimo.

Halafu ziwa. Mwanza ndipo reli inapokutana na maji. Kule bandari ya Kusini mabehewa yanaingizwa ndani ya MV Umoja na kuvushwa hadi Port Bell, Uganda, bila kushusha mzigo. Ni biashara nzuri, na SGR ikifika itakuwa kubwa zaidi. Ila tukumbuke kwamba Mei 2005 meli mbili za mabehewa za Uganda, MV Kabalega na MV Kaawa, ziligongana humu humu ziwani, Kabalega ikazama. Meli ya mabehewa ikizama inazama na kilichomo. Kama ni saruji, samaki watavumilia. Kama ni mafuta au kemikali za migodini, mtu wa Kome, wa Maisome, wa Chifunfu, wa Kahunda anakunywa nini kesho yake? Sisi hatuna ziwa la akiba. Maji ya kunywa, ya kupikia, ya kuoga na ugali wetu vyote vinatoka humo.

Sheria siyo tatizo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kifungu cha 81 kinamtaka mwenye mradi afanye tathmini ya athari kabla hajaanza. NEMC ipo. LATRA ipo kwa ajili ya reli, TASAC ipo kwa ajili ya meli. Vyombo vimejaa. Kinachokosekana ni mwananchi kuona karatasi. Tathmini ya mradi wa trilioni inaandikwa kwa Kiingereza kizito, inafungiwa kabatini, halafu mwenyekiti wa kijiji anaitwa asaini fomu ya mahudhurio apewe soda. Huo ndiyo unaitwa ushirikishwaji.

Nani anakuja kukuokoa?

Turudi kwenye lile tundu la 1996, kwa sababu halijazibwa.

Septemba 20, 2018 MV Nyerere ilipinduka Ukara, ikiwa imebakiza mita chache kufika. Kivuko cha watu 101. Waliokufa ni 228, waliopona 41. Fanyeni hesabu wenyewe. Miaka 22 baada ya Bukoba, bado hakuna aliyehesabu watu mlangoni. Usiku ule uokoaji ukasimamishwa mpaka asubuhi. Siku mbili baadaye akapatikana mtu hai ndani ya kivuko kile. Mtu hai! Jiulizeni ni wangapi walikuwa hai usiku ule uokoaji umesimama.

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ikaanguka ziwani Bukoba, ukiuona uwanja wa ndege kwa macho. Watu 43, wakafa 19. Waliowahi kufika siyo kikosi, ni wavuvi na mitumbwi yao na makasia yao. Taifa likampongeza kijana mvuvi, likapiga makofi. Ni haki yake. Lakini mvuvi kuwa ndiye kikosi cha uokoaji cha taifa, hiyo ni aibu tuliyoivalisha suti.

Tunasikia kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji kinajengwa Mwanza. Vizuri, kimalizwe. Lakini kituo kikubwa mjini hakitamfikia mtu wa Maisome kama huko visiwani hakuna boti, hakuna mafuta ya boti na hakuna mtu aliyefundishwa. Mmoja wetu wa dawati hili alipanda kivuko kimoja cha ziwani, hatutakitaja, akakuta maboya yamefungwa kwa kamba juu ya chumba na kamba imekaza kwa kutu na rangi. Alipouliza akaambiwa: "Yakiachwa wazi yanaibiwa." Kwa hiyo yamelindwa vizuri. Abiria ndiye hakulindwa.

Na daraja limefunguliwa, ndiyo, lakini halikufuta maji. Anayekwenda Kome bado anavuka. Anayekwenda Maisome bado anapanda mtumbwi. Nauli analipa, jina lake haliandikwi. Mwaka 2025 bado yuko daraja la tatu la MV Bukoba.

Tunataka nini

Hatuandiki ili tulie. Mwaka huu ni wa uchaguzi, kila mwenye shati la rangi atapita kwenye vijiji vyetu. Haya ndiyo ya kumuuliza, awe wa chama tawala, awe wa kwetu:

1. Treni ya SGR isibebe abiria kati ya Mwanza na Isaka mpaka taarifa ya ukaguzi wa usalama imewekwa wazi kwa Kiswahili. Utepe usikatwe kwa sababu ya kalenda ya kampeni.

2. Kila ajali ya treni, meli na kivuko ichunguzwe na chombo huru ambacho bosi wake siyo yule yule anayemiliki chombo kilichoanguka, na ripoti itolewe hadharani. Ripoti ya siri haimwokoi mtu.

3. Kila anayevuka ziwa kwa kivuko au meli aandikwe jina. Kama inawezekana kwa SGR, inawezekana kwa kivuko cha kwenda Kome. Simu tunazo.

4. Mashimo yote ya kifusi na kokoto ya mradi wa reli yaorodheshwe kijiji kwa kijiji, na mkandarasi asimaliziwe malipo mpaka yamefukiwa au yamewekewa uzio, na mwenyekiti wa kijiji ameshuhudia.

5. Mpango wa dharura wa umwagikaji wa mafuta na kemikali ziwani ujulikane: nani anapigiwa simu, boti iko wapi, wananchi wanaambiwaje wasichote maji.

6. Reli ya zamani isiachwe ife na watu wake. Breki, mataruma, vyoo na makutano ya reli na barabara vipate fungu lake kwenye bajeti, fungu linaloonekana.

7. Dereva, fundi, au mkaguzi anayekataa kuondoa chombo kibovu alindwe kisheria. Huyo ndiye kinga yenyewe.

Kazi ya kijana wa tawi

Najua kuna mtu anasema, "Haya ni ya wakubwa." Siyo kweli. Ibara ya 18 ya Katiba inakupa haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu ya maisha yako. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuandika barua kuomba taarifa kwenye ofisi ya umma, na ofisi ina siku 30 za kukujibu. Barua ni karatasi moja. Tunaomba kila tawi, kuanzia Busisi, Kamanga, Katunguru, Nyehunge mpaka visiwani, liandike barua moja mwezi huu. Omba tathmini ya mazingira. Omba ripoti ya ukaguzi wa kivuko unachopanda. Wakikujibu, piga picha utume tuchapishe hapa. Wasipokujibu, tuchapishe tarehe uliyopeleka na muhuri wao wa kupokea. Kimya chao nacho ni jibu.

Na ukiwa safarini, usikae kama mzigo. Ukiona chombo kimejaa, shuka. Ukiona maboya yamefungwa, uliza kwa sauti wenzako wasikie. Tunajua utaambiwa una kiherehere, au "unaleta siasa". Waambie ndiyo, ni siasa. Nani ahesabiwe na nani asihesabiwe ndiyo siasa yenyewe, hakuna nyingine kubwa zaidi ya hiyo.

Ng'ambo ya daraja jipya, kabla hujafika Kisesa, yako makaburi ya Igoma. Humo kuna watu walionunua tiketi halali kwenye dirisha la shirika la umma, wakapanda kwa utaratibu, wakatii kila walichoambiwa. Hawakufanya kosa lolote ila kuamini kwamba mwenye chombo amekikagua. Tukiendelea kusema ajali haina kinga, tunawaambia wao kwamba hakuna aliyekosea. Tukiandika barua, tukahesabu vichwa, tukadai ripoti, angalau tutakuwa tumewajibu.

Treni inakuja Mwanza. Tunaitaka. Ila tunataka tufike.

Dawati la Vijana, Sengerema
Juni 2025